Umejifungua? Hebu Tuache Kwanza Habari za Tumbo

Wadau, leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa kunong'ona, na wengine hatulizungumzi kabisa. Akina kaka msikimbie. Wanaoumia ni wake zenu, dada zenu na wafanyakazi wenzenu, kwa hiyo linawahusu.

Mwanamke wa mjini akijifungua siku hizi, zikishapita hongera na picha ya vidole vya mtoto kwenye Instagram, swali linalofuata ni tumbo. "Mbona kama bado kuna mwingine humo ndani?" "Umeanza mazoezi?" "Fulani kajifungua juzi tu, muone alivyo!" Wengine wanauliza kwa utani, wengine kwa nia njema kabisa, na wengine wana biashara ya mikanda ya kubana tumbo na chai za kupunguza unene, wamepata mteja. Mimi mwenyewe nina mtoto wa miezi kumi na moja. Katika miezi yote hiyo hakuna mtu hata mmoja, awe ndugu, nesi au mwalimu wa jimu, aliyeniuliza swali ambalo kwa wataalamu wa mwili wa mzazi liko mbele kabisa kabla mama hajaanza kukimbia au kuruka kamba. Swali lenyewe ni hili: mkojo unakutoka ukikohoa?

Najua, umeshtuka. Hata mimi nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili. Lakini nadhani aibu hiyo ndiyo inayotufanya tuumie kimyakimya, basi naiacha hapo ilipo.

Tuelewane kwanza. Chini ya nyonga, kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandikwa kama machela. Wataalamu wanaiita misuli ya sakafu ya nyonga. Ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo, na ndiyo inayofunga milango ili mkojo na haja kubwa visitoke bila ruhusa yako. Kwa miezi tisa inabebeshwa mzigo unaoongezeka kila wiki. Ukijifungua kwa njia ya kawaida inavutika kuliko msuli mwingine wowote unavyowahi kuvutika, na wakati mwingine inachanika. Ukijifungua kwa upasuaji umeepuka hilo la mwisho, ila ile miezi tisa hukuiepuka. Sasa chukua mwili huo, uvishe raba, uambie ukimbie. Kila hatua ya mbio mguu unatua kwa nguvu inayozidi uzito wako mara mbili na zaidi. Nguvu hiyo ikipanda kutoka ardhini lazima kuwe na kitu cha kuipokea, na kama machela bado imelegea, mama mwenyewe atajua.

Nina shoga yangu tuliyesoma naye, leo ni mwanasheria, mtu wa kusimama mbele ya majaji bila kutetemeka. Kabla ya kuzaa alikuwa hakosi klabu ya jogging kila Jumamosi alfajiri. Mtoto alipofikisha miezi mitatu akajiandikisha darasa la zumba. Wiki ya pili, katikati ya wimbo, wakati wote wanaruka, akahisi kitu cha moto kinashuka. Alikuwa amevaa taiti ya kijivu. Akajifunga sweta kiunoni, akamwambia mwalimu kwamba amepigiwa simu mtoto analia nyumbani, akatoka. Hajarudi tena. Hajarudi zumba, hajarudi jogging, na siku hizi wenzake wanamtania kwamba ndoa imemnenepesha na uvivu umemwingia. Mimi nilijua ukweli mwaka mzima baadaye. Alimweleza mama yake tu, na mama yake akamjibu kwa upole: "Mwanangu, ndiyo uzazi huo. Sisi wote tuko hivyo."

Sisi wote tuko hivyo! Mama wa watu hakudanganya, kwa sababu hali hiyo ni ya wanawake wengi mno. Tatizo ni kwamba tumelifanya "wengi" limaanishe "sawa". Kuvuja mkojo ukikohoa, ukicheka au ukiruka kuna tiba, na tiba ya kwanza mara nyingi si kisu wala dawa, ni mazoezi ya misuli hiyohiyo yanayofanywa kwa mpangilio kwa miezi kadhaa. Daktari wa Kimarekani aliyeitwa Arnold Kegel aliandika habari zake mwaka 1948. Bibi yangu alikuwa msichana mwaka huo. Habari imechukua muda gani kufika kwetu?

(Nifafanue hapa ili nisipotoshe mtu. Kuvuja ninakosema mimi si fistula. Fistula ni tundu linalotokana mara nyingi na uchungu uliokwama kwa muda mrefu, mkojo au kinyesi kinatoka bila kukoma usiku na mchana, na hiyo haitibiki kwa mazoezi. Anayeiona hali hiyo aende hospitali mara moja. CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Nchi hii imejifunza kulitamka neno fistula hadharani, kwenye redio na mabango, na ni jambo la heshima. Ila hawa wengine wanaovuja kijiko kimoja tu wakipiga chafya bado hawana hata neno lao.)

Sasa twende kwa bibi zetu, maana sisi tuliosoma tuna tabia ya kuwacheka. Arobaini si ushamba. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki sita kurudi karibu na ukubwa wake wa zamani, na wiki sita ni siku 42. Waliohesabu siku arobaini bila maabara hawakukosea sana, au siyo? Mzazi alipewa mtori ama uji wa pilipili manga, akapokewa ndoo na ufagio, akalala mtoto alipolala. Leo hoteli ingetoa huduma hiyo ungelipia kwa dola.

Lakini kuna mambo mawili ndani ya arobaini ambayo siyatetei. La kwanza ni kule kulala tu, eti mzazi asikanyage hata sebuleni. Damu ya mwanamke aliyetoka kujifungua huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na wiki hizi sita za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya bonge la damu mguuni, ambalo linaweza kusafiri mpaka mapafuni na kuua. Serena Williams, pamoja na mwili wake ule, lilimpata la mapafuni siku moja tu baada ya kupasuliwa mwaka 2017. Kwa hiyo mzazi ainuke, azunguke chumba, atoke barazani, kesho afike getini. Kutembea ndilo zoezi la kwanza, na halihitaji kibali cha jimu.

La pili ni mkaja. Mkaja wenyewe wa zamani sina ugomvi nao. Kanga iliyofungwa kwa kiasi inashikilia tumbo na kiuno, mama anapata ahueni, hasa aliyepasuliwa. Ila mkaja haujengi msuli, unashika tu. Na angalia tulichoufanyia: tumeuchukua, tumeupa jina la Kizungu, tumeutia mbavu za plastiki, tunaukaza mpaka mwenye nao hawezi kuvuta pumzi akashiba, halafu tunauuza mtandaoni kwa picha ya mwanamke ambaye pengine hajawahi kuzaa. Ukiliminya tumbo katikati namna hiyo, presha inakwenda wapi? Itakwenda juu na itakwenda chini. Na chini ndiko iliko ile machela iliyochoka.

Kuhusu tumbo lenyewe, kuna jambo ambalo kama wauza mikanda wangelisema wangepoteza wateja. Tumbo la mama linaweza kubaki mbele bila ya kuwa na mafuta. Misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka kifuani hadi kinenani huachana katikati wakati wa ujauzito ili mtoto apate nafasi, na haifungi siku ya kujifungua. Uchunguzi mmoja wa Norway, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata wanawake 300 waliozaa kwa mara ya kwanza. Wiki ya sita baada ya kujifungua, asilimia 60 walikuwa bado na mwachano huo. Mwaka ulipotimia, bado walikuwa karibu theluthi. Tena hao ni Wanorway, wenye likizo ndefu ya uzazi. Unaweza kujipima mwenyewe: lala chali, kunja magoti, inua kichwa na mabega kidogo, kisha pitisha vidole juu na chini ya kitovu. Kama pengo linazidi vidole viwili, au ukiinuka tumbo linatokeza katikati kama paa la hema, basi yale mazoezi ya kulala chali na kuinuka mara hamsini, ambayo ndiyo kila mtu anakuagiza uyafanye, kwako bado. Yanasukuma kilekile unachotaka kifunge.

Haya, tufanyeje? Mimi si daktari. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kusoma na kusumbua watu kwa maswali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mama aliyejifungua ambaye hana tatizo la kiafya afikie angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi kwa wiki, ndani yake yakiwemo ya kujenga nguvu. Wanasema aanze kidogo na aongeze polepole. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani nacho kilisema mwaka huohuo kwamba baadhi ya wanawake wanaweza kurudia shughuli za mwili ndani ya siku chache tangu kujifungua, ikiwa uzazi haukuwa na matatizo. Ona basi: hakuna anayesema usubiri mwaka, na hakuna anayesema uruke kamba wiki ya pili. Kote ni ngazi kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza unaipanda ukiwa kitandani, mtoto yuko titi. Bana kama mtu anayezuia ushuzi na mkojo kwa wakati mmoja, halafu kama unavuta kitu kwenda juu. Makalio yasibane, pumzi isizuiwe. Shika sekunde chache, achia kabisa, maana kuachia nako ni nusu ya zoezi, rudia. Taratibu utafika sekunde kumi, mara kumi, mara tatu kwa siku. Ukiwa umewekewa mpira wa mkojo subiri utolewe. Na tafadhali usifanye mazoezi haya kwa kuukata mkojo katikati ukiwa chooni, kibofu hakipendi kuchezewa. Hapo katikati unatembea, leo dakika kumi, wiki ijayo ishirini. Zikifuata wiki sita na kidonda kimepona, unaongeza: kuchuchumaa na kuinuka, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, vyuma vyepesi, kuogelea damu ikishakatika kabisa.

Mbio ndizo zina subira yake. Mwaka 2019 wataalamu watatu wa fiziotherapia wa Uingereza, Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell, walitoa mwongozo ambao sasa unatumika sehemu nyingi. Kwa wastani wanasema usikimbie kabla ya miezi mitatu, na hata ikitimia, ujipime kwanza: kutembea dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kukimbia papo hapo dakika 1, kurukaruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, na mengine machache ya aina hiyo. Uyafanye bila maumivu, bila kuvuja, na bila kuhisi uzito ukeni kana kwamba kuna kitu kinataka kushuka. Ukihisi uzito huo, simama. Inaweza kuwa ni kizazi kinashuka, na mbio zitakizidishia.

Dalili nyingine za kusimama nazitaja haraka: damu iliyokuwa imepauka kurudi kuwa nyekundu na nyingi baada ya mazoezi, kizunguzungu, kidonda kuuma au kutoa maji. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma nyuma, au kifua kinauma na pumzi inakata, usijipe siku mbili za kuangalia, nenda hospitali sasa hivi.

Na yule anayesema mazoezi yanachachusha maziwa? Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwagawa akina mama wanaonyonyesha makundi mawili, kundi moja likafanya mazoezi dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Maziwa hayakupungua na watoto walikua sawasawa na wenzao. Mnyonyeshe kwanza ndipo utoke, sababu ni kwamba matiti yaliyojaa yanauma ukitembea. Hiyo tu.

Lakini sasa nifike mahali ambapo miongozo hii ya Ulaya inanichekesha kidogo. Inamwambia mama aliyepasuliwa asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake katika wiki za mwanzo. Mtoto mchanga ana kilo tatu. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20! Nani kati ya wanawake wa Mbagala au Manzese, maji yasipotoka, anayeinuliwa ndoo na mwongozo? Tunahesabu mazoezi kuwa ni kile kinachofanyika kwa raba na muziki, kumbe kudeki ukiwa umeinama, kufua mashuka kwa mkono, kupanda ghorofa ya tatu na gunia la mkaa, yote hayo ni mzigo kwa misuli ileile. Mama mwenye msaada nyumbani anarudi mazoezini mapema mno kwa sababu ya tumbo, asiye na msaada anarudishwa mapema mno kwa sababu ya maji. Na wewe unayesoma hapa una dada wa kazi. Akijifungua yeye, arobaini yake anaipata wapi?

Kitu kingine ambacho programu za kupakua kwenye simu hazikijui ni damu yetu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ongeza damu iliyopotea wakati wa kujifungua. Ongeza usingizi wa vipande vipande. Ongeza kunyonyesha, ambako peke yake hula takriban kalori 500 kwa siku, halafu weka na "dayati" ya maji ya ndimu. Mama wa namna hiyo akianguka kwenye mashine ya kukimbilia tutasema hana pumzi, na hakuna aliyewahi kumpima wingi wa damu tangu atoke leba.

Sasa hoja yangu. Mtoto wa Tanzania anapelekwa kliniki kupata chanjo wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Nani anampeleka? Mama yake. Ina maana katika muda uleule ambao mwili wa mama unatakiwa uangaliwe, mama mwenyewe yuko pale, amekaa kwenye benchi, bila gharama ya nauli nyingine. Tena angalia hesabu inavyokaa: wiki ya 6 ndipo kizazi kimerudi, wiki ya 14 ni muda mfupi tu baada ya ile miezi mitatu ya kuruhusiwa kujipima mbio. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, anaandikwa kwenye kadi, anachomwa sindano, analia, na mama anaambiwa tarehe ya kurudi. Mimi kwenye kliniki niliyokwenda niliulizwa jambo moja tu linalonihusu, kama nimeamua uzazi wa mpango gani. Ni swali zuri. Lakini mwili wangu una zaidi ya hilo.

Na si kwamba haijaandikwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu huduma baada ya kujifungua unataka mama aulizwe, kila anapoonwa, kuhusu mkojo na kama unamtoka, haja kubwa, kidonda, uchovu na maumivu ya mgongo. Mnasema manesi wamezidiwa. Ni kweli, nimewaona, nesi mmoja na akina mama sitini. Lakini swali la mkojo linachukua nusu dakika. Hata kama pale kliniki hakuna mtaalamu wa fiziotherapia, na sehemu nyingi hayupo, wengi wako kwenye hospitali kubwa, yule mama ataondoka akijua vitu viwili ambavyo shoga yangu hakuvijua kwa mwaka mzima: kwamba hiyo ni hali ya kiafya yenye jina, na kwamba inatibika. Ufaransa mama akijifungua huandikiwa vikao vya kuimarisha misuli ya nyonga na bima ya jamii inavilipia. Sidai tufike huko kesho. Nadai swali.

Kuna na suala la waajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12 kamili. Maana yake siku ambayo wataalamu wanasema sasa anaweza kuanza kujipima kama yuko tayari kukimbia, ndiyo siku anayoamka saa kumi na moja kugombania daladala akiwa na pampu ya maziwa begani. Halafu anaulizwa kwa nini hafanyi mazoezi.

Wapo watakaoniletea wanariadha. Haya, tuwaangalie. Paula Radcliffe wa Uingereza alijifungua Januari 2007 na akashinda New York Marathon Novemba ya mwaka huohuo, habari hiyo inapendwa sana. Kipande kisichosimuliwa ni kwamba alirudi kukimbia chini ya wiki mbili baada ya kujifungua, akapata ufa kwenye mfupa wa chini ya mgongo, ikabidi asimame. Jirani yetu Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua Juni 2018. Hakuonekana mashindanoni mpaka mwaka uliofuata. Alichukua fedha ya mita 1500 Doha mwaka 2019, na mwaka 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo na rekodi ya mashindano hayo. Huyo ni bingwa wa dunia mwenye kocha na madaktari, na alijipa mwaka. Sisi tunataka kurudi kabla cheti cha kuzaliwa hakijatoka.

Wiki iliyopita nilipita jimu moja karibu na ninapoishi kuuliza bei. Nikapewa fomu. Inauliza presha, kisukari, pumu, kama umewahi kuvunjika, hata kundi la damu. Nikamuuliza mwalimu, kijana mstaarabu tu, mbona hakuna sehemu ya kujaza kama mtu amejifungua karibuni. Akacheka, akashika shingo.

"Dada yangu, tukianza kuwauliza hayo akina mama watatukimbia."

Nikamwambia wanaovuja walishakimbia siku nyingi, ila yeye anadhani wamehama mtaa. Akanyamaza. Kisha akaniomba nimwandikie hilo swali jinsi linavyotakiwa kuulizwa, ili lisiwe na matusi. Nikageuza fomu yangu, nikaandika nyuma yake: "Umejifungua ndani ya mwaka huu? Kwa njia gani? Ukikohoa au kuruka, mkojo unakutoka?" Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema atampelekea bosi. Shoga yangu ana miadi na mtaalamu wa fiziotherapia Alhamisi ijayo, na ameniomba nimsindikize.